Mwalimu Aliyekataza "Hapo Tu"

Walinituma mimi kwa sababu ya mdomo. Mke wa mwalimu hakuzunguka. Alisimama mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi ninapouza misumari na seng'enge hapa Kitengela, akakataa kiti, akasema, "Wewe uko na mdomo. Uliuzia pasta mabati ya kijani na alikuja kununua nyekundu. Enda Kajiado umwambie akubali wamkate."

Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na daktari alikuwa amesema kwamba mguu usipotoka, mwenyewe haoni Ijumaa. Mwalimu alikuwa amekataa mara tatu. Mara ya tatu aligeukia ukuta na hakujibu tena. Kwa hiyo ilibaki mimi, mtu niliyemaliza shule ya jioni na C, ambayo nikiisimulia huwa B, na nikiwa Kiserian ambako hakuna anayenijua huwa A, nikamwokoe mtu kwa maneno.

Lakini lazima umjue kwanza, la sivyo hutaelewa nilikosea wapi.

Alitufundisha jiografia katika ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wote watu wazima. Kulikuwa na kinyozi, kulikuwa na akina mama watatu wa mboga, kulikuwa na Lemayian anayenunua na kuuza ng'ombe, ambaye alitaka cheti ili asidharauliwe na wakwe zake. Mimi nilikuwa prefekti, cheo nilichojipa mwenyewe na hakuna aliyepinga. Mwalimu alikuwa mrefu kama nguzo ya stima, na baiskeli yake ilikuwa fupi kama mbuzi. Ilikuwa ile ya kukunja, magurudumu madogo kama sahani. Akiipanda, magoti yalikuwa yakienda juu mpaka yanayasalimia masikio. Watu wa soko walikuwa wakisimamisha biashara kumtazama. Yeye hakujali. Akifika anaikunja, anaiingiza darasani, anaiweka chini ya ubao kama mwanafunzi wa kumi na mbili. Hakuwahi kuiacha nje na hakuwahi kumwazima mtu. Abdi, mwenye duka la nguo mkabala na kanisa, alitaka kuinunua kwa ajili ya binti yake, akaomba wiki nzima.

"Mwalimu, hii kitu inakuumiza mgongo. Niuzie, nikutafutie kubwa."

"Siwezi kuuza. Si yangu."

"Ya nani sasa?"

"Si yangu," alirudia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kabla ya ualimu alikuwa mpishi baharini. Si kwenye meli, alikuwa kwenye yoti, mashua ndogo ya matanga ya watu wa kutembea kwa raha. Wenyewe walikuwa wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, yeye akiwaita Kepteni na Madam. Walizunguka naye miaka, kisiwa baada ya kisiwa, na kwa mtu aliyewahi kukaa katikati ya bahari, ajabu ni kwamba hakujua kuogelea hata kidogo. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema maji hayamtishi. "Ninachoogopa ni saa saba mchana kwenye nchi kavu."

Utaratibu wao ulikuwa mmoja kila walipotia nanga. Asubuhi baiskeli mbili za kukunja zinateremshwa kwenye kimashua cha mpira, zimefungwa kwa nailoni zisiguswe na chumvi. Wakifika ufukoni wanasubiri maji yatoke, kwa sababu mchanga uliotoka kwenye maji huwa mgumu kama lami. Halafu wanazunguka kisiwa chote kwa baiskeli, yeye na Madam, Kepteni akibaki kulinda mashua. Siku ya pili wanakikata kwa miguu, kutoka upande huu mpaka ule.

"Kisiwa kina vitu viwili tu," alituambia siku ya kwanza, akichora duara ubaoni. "Ukingo na katikati. Ukingo ni wa baiskeli. Katikati ni ya miguu. Mtu aliyezunguka asiwadanganye kwamba amefika."

Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja. Kila kitambaa kikipita juu, anahesabu moja. Mizunguko ya gurudumu ilimpa urefu wa ukingo, na hesabu ya mduara ikampa umbali wa kukata katikati. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa duara. Tulipima uwanja wa kanisa, tukapima soko, tukapima nyumba ya pasta na pasta akiwa ndani akiuliza kama anahamishwa. Sijui kama kuna shule nyingine duniani iliyofanya jiografia huku mama wa mboga akisukuma baiskeli na wenzake kumi wakihesabu kwa sauti kama makarani wa mnada.

Jumamosi tulikuwa tukienda mbali zaidi. Alitupeleka upande wa Kisaju kuzunguka shamba moja lililofungwa seng'enge, tukiwa na baiskeli za kuazima, moja haina breki, moja haina kiti. Alibeba maji lita kumi kwa matembezi ya saa mbili. Kila baada ya hatua kidogo anageuka kutuhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, halafu anaendelea, halafu anageuka tena. Na kila mahali tulipopita alikuwa akifunga vipande vya karatasi ya nailoni kwenye miti ya miiba. Mwenye shamba alipoviona, alitokea na rungu, akidhani tumekuja kuweka bikoni za mipaka kwenye ardhi yake. Ilibidi Lemayian amwongeleshe kwa Kimaa muda mrefu.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza.

"Nimemwambia ni mzee wetu, kichwa yake iko sawa siku nyingine."

Tukacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakuvitoa vile vikaratasi mpaka tuliporudi na mtu wa mwisho akakanyaga barabara. Ndipo akarudi peke yake kuvifungua kimoja kimoja.

Hiyo siku mvua ilitukamata tukiwa bado ndani. Wewe unayejua udongo mweusi wa kwetu unajua kilichofuata. Magurudumu yalivaa matope mpaka yakawa makubwa kuliko ya trakta. Tulibeba baiskeli mabegani, viatu vikabaki nyuma. Mama mmoja akaanza kuimba nyimbo za mazishi, nadhani kwa mzaha. Mwalimu akamuuliza Lemayian, aliyelisha ng'ombe maeneo yale tangu azaliwe, barabara iko umbali gani.

Lemayian akanyoosha midomo kuelekea kwenye ukungu. "Hapo tu, mwalimu."

Sijawahi kuona mtu akibadilika vile. Alitupa baiskeli chini, ile ile asiyomwazima mtu, akamshika Lemayian koti.

"Hapo tu ni wapi? Sema dakika! Sema kilomita! Kama hujui, sema hujui!"

"Mwalimu, kwani nimekutusi?"

"Sema!"

"Haya, saa moja. Na hii matope, saa moja na nusu. Niachilie koti."

Alimwachilia. Baadaye aliomba msamaha, lakini tangu siku ile maneno hayo mawili yalipigwa marufuku darasani. Ukisema "hapo tu", unasimama, unazunguka ukumbi mara tano kwa miguu, halafu unakuja kutamka umbali wenyewe. Sasa wewe fikiria kuwakataza watu wa Kajiado neno hilo. Huku kwetu mtu yuko Embulbul anakwambia kwa simu yuko hapo tu anaingia Kitengela. Mzee akikuelekeza kisima, ni hapo tu, na utatembea mpaka kivuli chako kichoke. Hatusemi kwa ubaya. Tunasema ili mgeni asikate tamaa. Kinyozi alizunguka ukumbi mara nyingi mpaka akapungua tumbo. Mimi nilizunguka zaidi ya wote.

Tulidhani ni ukali wa ualimu tu. Alikuwa mkali kwa vitu vidogo na mpole kwa vikubwa. Ukikosea mji mkuu wa nchi nzima, anakuvumilia. Ukisema "karibu" bila kutaja umbali, anakasirika. Alikataa kwenda popote bila maji, hata msibani alienda na chupa zake, na alikuwa akimfuata kila mama wa darasa letu kwa macho mpaka mama huyo akunje kona ya kwao.

Na kulikuwa na kile kisiwa. Katika visiwa vyote alivyotusimulia, kimoja kilikuwa hakina mwisho. Kilikuwa kidogo, kilikuwa na kijiji kimoja cha wavuvi, na walikizunguka yeye na Madam asubuhi moja, Madam akiimba. Siku ya pili wakaingia katikati kwa miguu. Mara ya kwanza alitusimulia kwamba katikati walikuta kisima cha maji matamu. Mara ya pili walikuta nyani. Mara ya tatu hawakukuta kitu, wakatokea upande wa pili, wakanywa madafu. Mimi kama prefekti nilinyoosha mkono nikauliza ni ipi ya kweli. Akatazama saa, akasema kipindi kimeisha. Kilikuwa kimebaki nusu.

Mguu wake uliumizwa na mwiba. Alikuwa akitembea upande wa Kisaju, mwiba ukapita soli ya kiatu, na kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa sukari hakuusikia mpaka siku ya tatu. Aliosha na maji moto ya chumvi wiki mbili. Mkewe alipoanza kunusa harufu, alidhani ni panya amekufa nyuma ya kabati. Alipokuja kufunua ile bandeji mwenyewe, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Walimlaza hospitali ya Kajiado, na hapo ndipo mkewe aliposimama dukani kwangu akakataa kiti.

Nilifika Kajiado kabla ya saa sita. Wodi ilikuwa na jua jingi na nzi wachache, na nilimkuta amelala chali, mguu umefunikwa na kitu kama kizimba ili shuka isiuguse. Alikuwa amepungua mpaka nikahesabu mifupa ya uso. Alipenda kusalimia kwa Kimaa ingawa hakuwa Mmaasai.

"Sopa, prefekti."

"Ipa, mwalimu."

"Umetumwa."

"Nimetumwa na mama, na darasa lote, na Kitengela nzima isipokuwa pasta, bado amekasirika na mabati."

Alitabasamu kidogo. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia na viatu. Nikamwambia siku hizi kuna miguu ya plastiki mizuri kuliko ya kuzaliwa nayo. Nikamwambia kuna jamaa wa Embulbul amewekewa, anacheza mpira, ni winga, juzi amefunga mabao mawili. Huyo jamaa hayuko. Nilimzaa pale pale kando ya kitanda. Nikamwambia wiki mbili atakuwa nyumbani, mwezi mmoja atakuwa kwenye baiskeli, na nikamalizia, "Mwalimu, kupona ni hapo tu."

Nilisikia neno likinitoka na sikuweza kulirudisha. Nikasubiri anifokee. Nilikuwa tayari kusimama niizunguke ile wodi mara tano mbele ya wagonjwa.

Hakufoka. Alitazama dari.

"Hayo ndiyo maneno nilimwambia," akasema.

"Ulimwambia nani?"

"Madam. Alipenda Kiswahili, alikuwa anajifunza. Tumesimama ufukoni na baiskeli, tumemaliza kuzunguka. Mimi nimehesabu mizunguko, nimegawanya, nimejua kukata katikati ni kidogo. Akaniuliza, 'Mbali?' Nikamwambia, 'Hapo tu.' Kama ningesema kwa Kizungu labda ningefikiria kwanza."

Akanieleza polepole, akisimama kupumua. Hakukuwa na kisima wala nyani. Katikati ya kile kisiwa kulikuwa na mawe ya bahari ya zamani, makali kama vioo, yenye mashimo yaliyofunikwa na vichaka. Waliingia asubuhi na chupa moja ya maji, kwa sababu ni hapo tu. Saa tano hawajafika nusu. Madam aliingiza mguu kwenye ufa, na mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Mwalimu alijaribu kumbeba, wakaanguka wote wawili. Akamweka kwenye kivuli cha kichaka, akampa chupa na kofia, akamwambia anaenda kuita watu.

"Akaniuliza tena. 'Mbali?'"

"Ukamwambia?"

Alisema tu kwamba alifika ufukoni jioni, miguu ikivuja damu, akarudi na Kepteni na wavuvi, na hakuweza kupaona. Kila jiwe lilifanana na jingine. Hakuwa ameweka alama hata moja, hakufunga hata uzi kwenye mti. Waliita mpaka sauti zikakauka. Walimpata kesho yake mchana, na hakuwa kwenye kivuli. Alikuwa amejivuta kwa viwiko, akifuata sauti ya mawimbi. Kati yake na maji ilikuwa imebaki kama kutoka kwenye kitanda kile mpaka kwenye lango la hospitali.

"Kepteni hakunipiga," alisema mwalimu. "Aliniuliza nilimwambia ni umbali gani. Nikamjibu. Akaniambia nikae kwenye mashua ya mpira mpaka wamalize. Walimzika huko na watu wa kijiji, mimi nikiwa nimekaa pale nashika kamba. Kaburi sikuliona. Jioni akanishushia begi langu na baiskeli moja. Alisema hana haja ya mbili."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kula.

"Nilimwacha nikiwa na miguu mizima miwili," mwalimu akasema. "Sasa mmoja umeamua kuoza. Wacha uoze. Niliona ni haki."

Mimi mwenye mdomo nilitafuta mzaha nikakosa. Nilitafuta jamaa mwingine wa Embulbul nikakosa.

"Niambie sasa ukweli," akasema. "Wakinikata, nitatembea?"

"Sijui, mwalimu."

"Nitapona?"

"Sijui. Daktari pia hajui. Amesema wasipokukata ni Ijumaa, hiyo tu ndiyo anajua."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi.

"Mama alisemaje?"

"Hakusema mengi. Alisimama dukani. Nilimpa kiti akakataa."

"Alisimama muda gani?"

Nilifikiria vizuri kabla ya kujibu. "Kama dakika ishirini. Na nikiondoka alikuwa bado amesimama barabarani."

Jua lilikuwa limefika kwenye shuka.

"Huyo pia anangoja," akasema. "Mwite mtu wa karatasi, nitie sahihi."

Walimkata Jumatano asubuhi, juu ya goti, kwa sababu siku alizokataa uozo ulikuwa umepanda. Baada ya hapo muuguzi alitoka akauliza ni nani wa familia atakayeuchukua mguu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna swali kama hilo. Nilimpigia Abdi, akaja na pikapu yake na kitambaa cheupe kutoka dukani.

Mke wa mwalimu hakutaka uzikwe. Tulikuwa tumesimama nyuma ya nyumba yao, mimi, yeye, Abdi, na Lemayian aliyeshika jembe.

"Tukizika, si ni kama tumeanza matanga na mwenyewe yuko hai?"

"Mama, kwetu ni lazima," Abdi alisema. "Kitu ilikuwa mwili ya mtu haitupwi. Tunafunga, tunazika, tunaenda nyumbani. Hakuna matanga. Hakuna hata chai."

Mama alitazama kile kifurushi. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyotarajia. "Basi chimbeni ndani," akasema. "Mbwa wasifike."

Lemayian alichimba mpaka kiunoni. Hakuna aliyejua aombe nini, kwa hiyo hatukuomba. Abdi ndiye aliyeshuka shimoni akaulaza kwa mikono yake, akaunyoosha, akarekebisha kitambaa kwenye kidole kikubwa kilichokuwa kimechungulia. Mama alirusha udongo wa kwanza, akaingia ndani.

Alhamisi nilirudi Kajiado. Homa ilikuwa juu. Midomo ilikuwa imepasuka, na macho yalikuwa yakitazama mahali nyuma yangu. Nilidhani hanijui, mpaka aliponishika mkono.

"Mmemzika?"

Kwetu huku lugha tunaiburuta. Ng'ombe, kiti na mguu vyote vinaweza kuzungumzwa kama watu, na hata mwalimu alikuwa akisema "mguu amevimba". Kwa hiyo sikujua anauliza kuhusu mguu au kuhusu Madam. Niliyatazama yale macho, na bado sikujua.

"Tumemzika, mwalimu."

"Vizuri?"

"Vizuri. Kwa kitambaa cheupe. Abdi alishuka mwenyewe akamlaza."

"Mlikuwepo wote?"

"Wote."

Aliuachilia mkono wangu. Hakuuliza kitu kingine siku hiyo, wala katika zile siku tatu zilizobaki kabla hajafa.